Grini ya Kumi na Nne, Saa Nane Mchana

Jumatatu, 4 Agosti

Dokta Thobias kaninunulia daftari hili na kuniagiza niandike kila siku hali ya uwanja: majani, maji, upepo, mashine. Nitaandika. Hakusema nisiandike mengine, kwa hiyo mengine nayo yatakuwemo, na siku akitaka kulisoma atakutana na habari zake mwenyewe.

Naitwa Mwanahawa, mama Furaha, mkuu wa watunza uwanja wa gofu hapa Morogoro, mwaka wa kumi na tisa sasa. Baba yangu aliteremka kutoka Matombo na fyekeo lake, akafyeka hapa mpaka mgongo ukakataa. Mimi nina mashine tatu na watu saba. Hakuna mtu anayeyajua majani haya kuliko mimi, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mwezi ujao, tarehe 26 hadi 28, tunapokea mashindano ya wazi. Mwaka jana yalifanyika hapa hapa, na huyu Abdulswamad wa Dar akamaliza mashimo kumi na nane kwa mikwaju sitini na miwili. Sawa, alipiga vizuri, maana kwenye gofu anashinda mwenye mikwaju michache. Lakini alipohojiwa redioni akasema uwanja wa Morogoro ni mzuri sana kwa kupunga upepo. Kupunga upepo! Nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Waliungua wote.

Dokta anafundisha takwimu Mzumbe na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mashindano. Leo kanikalisha kwenye baraza ya klabu, akanionyesha karatasi iliyojaa mishale.

"Mama Furaha, mwaka huu mtu asishuke chini ya mikwaju sabini. Hata mmoja. Unaweza?"

Nikamwambia, Dokta, mimi kuweza siyo tatizo. Waulize wao kama watapata usingizi.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango ndio huu. Majani ya pembeni hatuyakati tena, yaote mpaka yafunike viatu. Grini zote kumi na nane, yaani yale majani mafupi kama zulia yanayozunguka shimo, tunazishusha kutoka milimita tano hadi tatu. Maji tunapunguza ili udongo ukaze. Mpira ukitua hapo utateleza kama uko kwenye sakafu ya benki.

Nimewaambia vijana. Shabani, dereva wangu wa mashine, kauliza, "Mama, tutawatesa hivi hivi?" Nikamwambia tunawapa heshima. Mtu hapewi uwanja mgumu kama hatarajiwi kuuweza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wote wameomba ruhusa kwenda kwenye maonyesho. Nimekata mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Tumepima mwendo wa grini. Kipimo chenyewe ni kipande cha bati kirefu chenye mfereji katikati. Unaweka mpira, unainua bati taratibu, mpira unajiachia, kisha unapima umekwenda futi ngapi. Siku zote tulikuwa kwenye futi nane. Leo tisa na nusu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado upo.

Dokta alitaka kuja kushuhudia, lakini hutoka kwake saa mbili na hufika hapa saa tatu, wakati sisi tuko nusu ya kazi. Hapa tunaanza saa kumi na mbili alfajiri, saa sita adhuhuri tumeondoka. Ndivyo alivyofanya baba, na waliomtangulia pia. Mchana uwanja ni wa wanachama, na sisi tunakwenda kwenye bustani zetu.

Jumatatu, 18 Agosti

Zainabu kaja na beseni kichwani.

Huyu Zainabu na wenzake wanalima mchicha na figiri chini ya grini ya kumi na nne, ng'ambo ya mfereji. Mfereji unashuka kutoka mlimani na tunautumia kwa zamu tangu enzi za baba: klabu Jumatatu na Alhamisi, akina mama siku zilizobaki. Hakuna karatasi, hakuna mlinzi, na sijawahi kusikia mtu kaiba zamu ya mwenzake. Ila mimi na Zainabu hatuivi chungu kimoja. Mwaka juzi alisema mbolea yangu inamchomea miche. Nikamwambia miche yake inakufa kwa uvivu wake.

Kashusha beseni mbele yangu. Ndani mna mipira kumi na mmoja.

"Hii ya wiki moja tu," kasema. "Zamani nilikuwa naokota miwili, mitatu. Sasa inaniteremkia yenyewe mpaka kwenye matuta. Mna nini huko juu, mama Furaha?"

"Tuna mashindano."

"Na yote inakuja mchana. Asubuhi sioni hata mmoja. Ukishaanza upepo wa saa nane, hiyoo, inakuja."

Nikamwambia wanachama wetu hawajui kupiga. Hilo nalo ni kweli. Nikachukua mipira, nikasema ahsante, nikaenda zangu.

Alhamisi, 21 Agosti

Mlimani wanachoma mashamba. Majivu yameanguka mpaka kwenye grini ya tatu. Tumefagia.

Jumatatu, 25 Agosti

Futi kumi na nusu. Nimecheka peke yangu katikati ya uwanja, Shabani akadhani nimeumwa na siafu.

Jumamosi, 30 Agosti

Idrisa kapiga simu. Atacheza.

Idrisa ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alifariki yeye akiwa na miaka sita, nikamlea mimi. Alianzia hapa hapa, akitoka shule mchana anawabebea wachezaji mifuko, na jioni anapiga mawe kwa tawi la mpera. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, anafundisha gofu Dar na anacheza mashindano kila anapopata. Mara mbili amekuwa wa tatu. Hajawahi kushinda. Mwaka huu mshindi anapelekwa kucheza nje, kwenye mashindano ya kufuzu ya bara zima. Nafasi hiyo kaisubiri miaka tisa.

"Dada, nitafikia kwako," kasema. "Lakini tuwekeane sharti. Mimi sikuulizi chochote kuhusu uwanja, na wewe usinidokeze chochote. Watu wasije wakasema."

"Wala sikuwa na mpango wa kukudokeza."

"Basi nyumbani tusiutaje kabisa. Hata neno moja."

Nimempenda zaidi kwa hilo. Tumekubaliana.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Hakuna kazi. Pilau kwa mama mkwe.

Jumanne, 9 Septemba

Leo mimi na Dokta tumechagua mahali pa mashimo kwa siku zote tatu, tukaandika, tukafunga kwenye bahasha. Ijumaa tunaanza kwa upole kidogo. Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Grini ya kumi na nne imelala kwenye mteremko, nyuma juu, mbele chini kuelekea mfereji. Huku juu kushoto ina kama bega, pana kidogo kuliko kitanda. Dokta kaliweka dole lake pale kwenye ramani. "Hapa Jumamosi. Unasemaje? Si tutakuwa tumezidisha?"

Mimi ndiye niliyesema hatujazidisha. Naliandika hili likiwa bado bichi. Dokta alisita, akaniuliza mara mbili, na mimi nikamwambia nimepajaribu asubuhi na mpira unasimama vizuri tu. Namheshimu huyu mtu. Wasomi wengine hawaulizi, wanaamuru.

Jumatatu, 15 Septemba

Zainabu tena. Mipira ishirini na minne.

"Shoga, siku moja shuka mchana uje uone."

"Mchana nina kazi zangu."

"Kazi gani? Saa nane wewe umelala."

Nilimjibu vibaya, siandiki nilichosema. Wafanyakazi walikuwa wanasikiliza. Mtu ambaye hajawahi kushika hata kamba ya kuwashia mashine ananifundisha grini!

Alhamisi, 18 Septemba

Dokta kasema zamu yetu ya maji ya leo, ya Jumatatu na ya Alhamisi ijayo tuwaachie akina mama, ili udongo ukauke kabisa. Kwenye tenki tubakize kidogo tu kwa ajili ya vyoo. Niliwapelekea habari. Walipiga vigelegele. Zainabu peke yake ndiye aliyeniangalia kwa mashaka, akauliza, "Na majani yenu yatakunywa nini?"

Pembeni mwa grini majani yameanza kuwa ya kijivu. Ndivyo tunavyotaka.

Jumatatu, 22 Septemba

Futi kumi na mbili na nusu. Sijawahi.

Idrisa kafika jioni na mfuko wake. Amekonda, au amekua, sijui. Kala ugali na mlenda sahani mbili. Tumezungumza habari za Furaha na masomo yake, mafua ya kuku, na jirani aliyejenga ukuta katikati ya njia. Gofu hata neno.

Jumatano, 24 Septemba

Idrisa karudi kutoka mazoezini saa tano, amecheza mapema kukwepa jua. Alinitazama kama anayetaka kusema kitu. Kisha akasema kuku wangu mmoja anachechemea.

Ijumaa, 26 Septemba

Siku ya kwanza. Nimesimama nyuma ya ubao wa matokeo mpaka miguu ikafa ganzi. Wachezaji thelathini na sita, na hakuna hata mmoja aliyeshuka chini ya sabini! Abdulswamad anaongoza kwa sabini na mmoja. Nilimwona anatoka shimo la kumi na nane anajifuta jasho, uso kama wa mtu aliyetoka mahakamani. Idrisa kapiga sabini na watatu, wa saba. Nimefurahi juu ya furaha. Uwanja wangu unaheshimiwa, na mdogo wangu yumo.

Dokta kanipa mkono mbele ya watu wote. "Huyu ndiye aliyeutengeneza," kawaambia wageni. Sikuinamisha kichwa.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika baada ya Isha. Nitaandika yote, kwa utaratibu wake.

Asubuhi nilichimba shimo kwenye bega la kumi na nne kwa mkono wangu. Nikaweka mpira, ukasimama. Nikauviringisha kutoka chini, ukapanda, ukasimama. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nikaridhika.

Makundi ya kwanza yalipita pale kuanzia saa sita. Walipiga mitano, wengine sita. Vizuri. Saa sita Shabani na wenzake wakaondoka kama kawaida, mimi nikabaki kwa sababu ya mashindano. Saa saba na nusu nilikuwa shimo la kumi na moja nikasikia watu wanacheka kule chini, kicheko kirefu ambacho sicho cha gofu. Nikaenda.

Upepo ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Ninaujua upepo huo, unanipigia madirisha nyumbani kila siku wakati huo nimejinyoosha. Sikuwahi kuwa nao pale. Unateremka moja kwa moja juu ya bega la kumi na nne, mkavu, wa moto, na majani yalikuwa yanang'aa kama meza iliyopigwa vanishi. Mchezaji mmoja wa Arusha aliufikisha mpira futi mbili kutoka shimoni. Ukasimama. Watu wakapiga makofi. Halafu, hakuna aliyeugusa, ukaanza kuondoka. Polepole, kisha mbio, ukateremka grini nzima, ukapita mbele, ukavuka mfereji kwa kuruka na kuingia kwenye mchicha. Pale kwenye tuta alikuwa amekaa Zainabu na beseni lake. Aliokota mpira, akautia ndani.

Kicheko kikalipuka tena. Walikuwa hawamcheki mchezaji. Walikuwa wanaucheka uwanja wangu.

Kundi lililofuata lilikuwa la Idrisa. Nyuma yao yalibaki makundi mawili tu, watu sita, wale waliokuwa wanaongoza, Abdulswamad akiwa wa mwisho kabisa.

Mkwaju wake wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili uliufikisha mpira kwenye bega, mzuri kupita yote niliyoiona leo. Ukasimama kidogo, ukamrudia mpaka miguuni. Wa tatu hivyo hivyo. Wa nne hivyo hivyo. Mtoto wangu alikuwa anapiga mpira uleule kutoka mahali palepale, na kila mara ulirudi kumsalimia, na watu wakawa wanahesabu kwa sauti. Wa tano akaupiga kwa nguvu, ukavuka juu na kuzama kwenye yale majani marefu niliyoyaotesha mimi. Wa sita kutoka huko uliteremka kupita shimo, kupita grini, ukatumbukia mfereji. Adhabu ya mkwaju mmoja, ikawa saba. Wa nane uligonga kijiti cha bendera na kusimama, akauwahi kwa wa tisa kabla haujaondoka. Mikwaju tisa mahali panapotakiwa minne.

Hakurusha fimbo. Alisimama pembeni ya grini anaangalia viatu vyake.

Wakati huo mwamuzi mkuu, Bwana Kasimiri, alikuwa ameshafika, na Dokta yuko naye. Dokta alikuwa anasema haraka haraka: "Ni hali ya hewa tu, Bwana Kasimiri. Upepo ni wa wote. Wote wanacheza upepo huo huo." Uso wake ulikuwa umepauka. Nilimwonea aibu, kisha nikajionea aibu mimi, kwa sababu nilitaka sana awe anasema kweli.

Kasimiri aliniangalia mimi. "Mama, majani ni yako. Hapa panachezeka au hapachezeki?"

"Nikisema hapachezeki, itakuwaje?"

"Tutasimamisha, mmwagilie maji, wanaofuata waendelee."

"Na waliopita?"

"Waliopita wamepita. Mikwaju yao inabaki."

Nitaandika ukweli. Niliijua hesabu hata kabla hajafunga mdomo. Nikinyamaza, watu sita wanaofuata watapita kwenye tanuru lile lile, Abdulswamad naye atapiga tisa au kumi, na Idrisa atabaki kwenye mashindano. Nikisema, wao watapewa grini laini na mdogo wangu atabaki na tisa yake. Miaka tisa kaisubiri nafasi hiyo. Nilimtazama. Aliinua macho kidogo tu, kisha akayarudisha chini.

Hakuna mtu angejua. Dokta alikuwa ameshatoa sababu, upepo, na upepo haujitetei.

Lakini watu walikuwa wanaucheka uwanja, na walikuwa na haki. Nilichokuwa nimetengeneza hapo hakikuwa kigumu. Kitu kigumu mtu hodari anakiweza. Hiki hakuna ambaye angekiweza, hata aliyekitengeneza.

"Hapachezeki," nikasema. "Na siyo upepo. Upepo uko hapa kila siku. Ni mimi. Nimekata chini sana, nimenyima maji, na shimo nililiweka mimi."

Nilisema kwa sauti, sijui kusema kwa sauti ndogo. Idrisa alichukua mfuko wake akaenda shimo la kumi na tano bila kugeuka.

Sasa maji. Tenki lilikuwa na maji ya vyoo tu, na Jumamosi zamu siyo yetu. Nikateremka mpaka ukingoni mwa mfereji. Zainabu alikuwa bado amekaa, beseni limejaa nusu. Nilijiandaa kutukanwa, na nilistahili.

"Umeuona mchana?" akauliza.

"Nimeuona."

"Haya." Akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akaita wenzake. "Leteni keni zote! Mchicha utasubiri."

Walivuka kwenye daraja la magogo, wanawake wanane, kila mmoja na keni mbili za kumwagilia. Walipofika ukingoni mwa grini walivua ndala, wote, hakuna aliyewaambia. Wakaingia pekupeku kwenye majani yangu kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa, wakamwagilia kwa mistari, taratibu, wakirudi nyuma wasikanyage palipolowa. Wao waliyaelewa majani yale hapo hapo, hakukuwa na la kuwaelekeza. Nilipogeuka nikamwona Dokta Thobias kavua viatu vyake vya ngozi na soksi, kapandisha suruali, kashika keni.

"Niliposita ile siku," kaniambia tulipopishana, "ningesimamia kusita kwangu. Na leo nimesema uongo."

"Mimina kule juu, Dokta," nikamwambia. "Hapa pameshiba."

Dakika arobaini. Kisha Kasimiri akapuliza filimbi. Abdulswamad alipofika alipiga minne, bila shida.

Jioni Idrisa alikuja kula. Nilipika wali na kisamvu, anavyovipenda. Alikula, na sharti lilikuwa bado ni sharti.

"Dada, chumvi imezidi," ndilo pekee alilosema.

Nililia wakati naosha vyombo. Nililia vizuri, sina haja ya kuficha.

Jumapili, 28 Septemba

Alfajiri nilinyanyua visu vya mashine mpaka milimita nne na nusu. Mchana wa jana akina Zainabu walituachia zamu yao, tenki likajaa, nikamwagilia. Shimo la kumi na nne nililiweka katikati, na saa saba, kati ya kundi na kundi, nilipajaribu tena mbele ya Kasimiri. Bahasha ya Jumapili tuliichana mimi na Dokta pamoja.

Leo watu watano wameshuka chini ya sabini. Idrisa kapiga sitini na sita, na pale kumi na nne kapiga mitatu. Abdulswamad kapiga sabini, akamaliza wa kwanza. Idrisa wa pili, nyuma yake kwa mikwaju miwili. Hesabu ya jana na leo nimeifanya mara moja kichwani, nikaiacha.

Kila mtu aliyeshuka chini ya sabini, Dokta alimpigia makofi. Nilimwangalia sana, na mimi nikapiga.

Abdulswamad kaja kunipa mkono. "Shikamoo mama. Mwaka jana nilisema vibaya redioni."

"Marahaba. Ulisema vibaya, na mimi nikajibu vibaya zaidi."

Jumatatu, 29 Septemba

Idrisa kaondoka. Alikuwa ameshika mfuko mlangoni, akauweka chini.

"Sharti limekwisha?" akauliza.

"Limekwisha."

"Juzi nilikuwa nimesimama pale namwomba Mungu unyamaze. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, dada, nyamaza, nyamaza, mara hii tu."

"Nilikuona."

"Ulipoongea nilikuchukia mpaka shimo la kumi na sita. La kumi na saba nikachoka kukuchukia." Kisha akaniangalia kwa namna ya ajabu. "Lakini dada, mtu kama wewe, unawekaje shimo kwenye bega lile? Kila mtu anajua mchana mpira haukai pale. Tukiwa watoto, sisi wabeba mifuko tulikuwa tunasubiri chini ya bega tuiokote. Jumatano nilitaka sana kukwambia majani yamekuwa mafupi mno kwa upepo ule."

"Asubuhi unakaa."

"Asubuhi nani anashindana?"

Nikamwambia nikimaliza kazi saa sita narudi nyumbani, kama baba.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "hujawahi kwenda saa nane?"

"Sijawahi."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, na mimi nikakaa pembeni yake nikacheka, machozi yakitutoka. Yeye aliujua uwanja mchana, mimi asubuhi, na tulikula sahani moja wiki nzima tukizungumza habari za kuku.

Ijumaa, 3 Oktoba

Zamu mpya. Shabani na mwenzake wanaanza saa tano, wanabaki mpaka saa kumi na moja. Wamenung'unika. Mimi mwenyewe nafika kumi na nne kila siku saa nane, nimewaambia hivyo, wakaacha kunung'unika.

Kipimo cha grini tunapima mara mbili sasa. Dokta kanichorea jedwali, safu ya asubuhi na safu ya mchana. Hiyo ndiyo kazi anayoiweza, na anaiweza kweli.

Alhamisi, 9 Oktoba

Zamu yetu ya maji. Nimemwachia Zainabu saa mbili za kwanza bila kuombwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, ndogo, ya kulaza vumbi. Kwenye bega la kumi na nne, pale palipoungua kwa jua, yameota majani mapya, mafupi, ya kijani kibichi sana. Nimepiga magoti nikayagusa.

Saa nane kasoro Zainabu kapandisha beseni. Lilikuwa na mipira miwili.

"Biashara imekufa," kasema, na akakaa kwenye majani kando yangu bila kukaribishwa, akamenya chungwa, akanipa nusu.

Simu ikalia. Idrisa, yuko Dar.

"Shikamoo dada. Uko wapi?"

"Marahaba. Kumi na nne."

"Upepo?"

"Umeshafika. Unataka kuondoka na khanga ya Zainabu."

"Weka mpira."

Nikachukua mmoja kutoka kwenye beseni, nikapanda mpaka kwenye bega, nikauweka pale pale lilipokuwa shimo la Jumamosi ile. Nikarudi nyuma hatua tatu. Zainabu akaacha kutafuna.

"Haya, niambie," kasema Idrisa.

"Subiri."

Tukasubiri wote watatu. Upepo ukaupuliza mpira, ukatikisika kidogo, ukatulia.

"Umesimama," nikamwambia.